Hesabu Tulizogonga Ukutani

Enzi zetu, sisi tuliosomea huku bonde la Rufiji, mtoto alifika darasa la saba akiwa ameshaungua vidole kwa mafuta ya maganda ya korosho, ameshalala kwenye dungu shambani akifukuza ndege wasimalize mpunga, na ameshachapwa kwa sababu ya hesabu za uwiano. Asiyepitia hayo matatu, huyo alihamia. Nawaandikia nyinyi mliopitia, maana wanangu nikiwasimulia wananitazama kama redio iliyoishiwa betri, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sukari ilikuwa imerudi madukani, sabuni ya kuogea ikawa na harufu nzuri hata kijijini, na siku ya gulio pale Kibiti mitumba ilimwagwa juu ya turubai, sisi tunachakura kama kuku. Mimi nilinunuliwa fulana yenye picha ya mnyama ambaye hakuna aliyemjua. Shoga yangu Asia akaitazama sana, akasema, "Mwanaidi, huyu ni mbuzi aliyevaa koti." Jina likabaki. Mpaka fulana ilipochanika ilikuwa ikiitwa mbuzi wa koti.

Watu wazima walikuwa wakisema dunia imefunguka. Sisi tulichokiona ni barabara ile ile ya mchanga, ambayo masika ikifika basi la kutoka Dar linazama mpaka tumboni na abiria wanashuka kulisukuma, huku tukiwauzia korosho za kuchoma. Tulizichoma kwenye bati lililotobolewa, moshi unaingia machoni, mikono inatoka malengelenge, lakini ile ya kwanza kuitia mdomoni, ya moto, inayochomoka na kiganda chake chekundu, jamani, hakuna kitu dukani leo kinachofanana na ile.

Darasa letu lilikuwa la udongo, na madirisha yalikuwa matundu tu. Tulikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mimi nilikaa na Asia, na pembeni yetu Shabani, ambaye hakuna aliyejua alikuja shule kufanya nini ila kutuchekesha. Mwalimu wetu wa hisabati tulimwita Mwalimu Kadiri. Jina lake la kweli nalihifadhi, lakini mtu yule sentensi haikumtoka bila neno hilo. "Kadiri moto unavyozidi, ndivyo korosho zinavyoungua. Kadiri unavyochelewa namba ya asubuhi, ndivyo fimbo inavyokungoja."

Siku moja Shabani akanyoosha mkono. "Mwalimu, kadiri unavyotuchapa, ndivyo tunavyosahau."

Mwalimu akamtazama, akajizuia kucheka, akashindwa. Siku ile hakuna aliyechapwa.

Uwiano alitufundisha kwa kopo la kibaba. Alilitoa nyumbani kwake, kopo la maziwa lililokatwa mdomo, akaja na mchele kwenye mfuko. Kibaba kimoja cha mchele, maji vibaba viwili. Vibaba vitatu vya mchele, maji mangapi? Darasa zima likaitika sita, kwa sababu hakuna mtoto wa Rufiji asiyejua kupika wali. Akaandika ubaoni moja kwa mbili, tatu kwa sita, akasema hayo mawili ni kitu kile kile kimevaa nguo tofauti. Ukikivua nguo utakuta moja kwa mbili.

Asia akanyoosha mkono. "Mchele mpya au wa zamani, mwalimu?"

"Kivipi?"

"Mchele mpya hautaki maji mengi. Ukiutia mara mbili unatoka bokoboko."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Kadiri akaliweka chini kopo lake. "Asia binti Matimbwa, kwenye hesabu mchele ni mchele. Hesabu haijui mpya wala wa zamani. Inajua ulichoiambia tu."

Asia akakaa, akaninong'oneza, "Basi hesabu haijawahi kupika." Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Mimi uwiano ulinipita kama upepo. Nilikuwa mtoto wa ndoto. Nikiona swali la watu sita wanalima shamba, akili yangu ilikwenda kwa wale watu, nikawaza wanaitwa nani, mchana wanakula nini. Asia akiona swali lile lile aliona mlango, na ufunguo tayari uko mkononi. Alikuwa na ndoto yake naye, moja tu. Alitaka sweta. Kuna dada mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa amechaguliwa sekondari ya bweni, huko bara kwenye baridi, na siku ya kuondoka alipita barabarani kavaa sweta la shule la kijani. Jua linawaka, jasho linamtiririka, na halivui. Asia alimtazama mpaka akapotea kwenye vumbi. "Na mie nitalivaa hivyo hivyo," akasema. "Nitapikika humo ndani kama muhogo, lakini silivui."

Likizo ya mwezi wa sita ilipokwisha nilirudi darasani nikakuta dawati lina nafasi. Asia alikuwa amewekwa ndani.

Wa kwetu hamhitaji kuelezwa. Kwa mgeni niseme tu kwamba kwetu msichana akivunja ungo huwa mwali. Anawekwa chumbani, anafundwa, jua halimwoni, wanaume hawamwoni, na kwa watu wa nje hatamki neno, mpaka siku anayotolewa kwa ngoma. Wengine hukaa miezi, wengine hukaa mwaka. Dada yake mkubwa, Zena, alikaa hivyo, akatolewa, akarudi kuchota maji na sisi kisimani kama kawaida, akaolewa baadaye sana. Kwa hiyo sisi watoto tulijua kwamba mwali akitoka, anarudi alikokuwa. Shida yetu ilikuwa moja tu, atoke lini. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakuja, na jina lake lilikuwa limeshapelekwa wilayani pamoja na yetu.

Mwalimu Kadiri alikwenda kwa baba yake. Nilikuwa pale uani nikimsaidia mama yake Asia kuchambua mboga, nikasikia yote.

"Shikamoo, mzee Matimbwa."

"Marahaba, mwalimu. Karibu mkeka."

Mwalimu akaeleza, kwa adabu, kwamba mtoto yule ana akili ambayo yeye hajaiona tangu aanze kushika chaki. Akaomba atolewe walau kwa siku za mtihani. Mzee Matimbwa alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema.

"Mwalimu, mie sikukatai. Lakini mwali hatoki bila ngoma, na ngoma haichezwi bila mpunga. Nitawalisha nini watu? Mafuriko yamechelewa mwaka huu, mpunga umechelewa, na mie na watu wangu wa nyumbani ndio hao hao sita. Mpunga ukiingia ghalani, mwanangu atatoka. Hilo ni neno langu."

"Mtihani hausubiri mpunga, mzee."

"Na mpunga nao hausubiri mtihani. Ndege wanaula."

Mwalimu akaondoka ameinamisha kichwa. Mimi nikabaki na kisamvu mkononi, machozi yananitoka, na bibi yake Asia, aliyekuwa ndiye mlinzi wa mlango wa mwali, akaniona. Bibi yule alikuwa mtani wetu sisi wasichana wote. Akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa chumba cha mwali, akaniwekea kinu na mpunga.

"Mke mwenzangu, kila jioni ukitoka shule uje unitwangie hapa. Mwali kusema kakatazwa. Kugonga ukuta sijasikia mtu kakataza. Na mie masikio yangu mabovu, huo mtwango nikiusikia hakisikiki kitu kingine."

Ndivyo shule yetu ya pili ilivyoanza. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, umepasuka hapa na pale, na sauti ilipita kama haukuwepo. Mimi nilitwanga, nikipumzika nasema swali kwa sauti ya chini, na yeye anajibu kwa kugonga. Kugonga mara moja kulikuwa na maana ya nipo, au ndiyo. Akikwaruza kwa kucha, maana yake umekosea, sema tena. Alikwaruza sana wiki ya kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka maswali na niliyapeleka yamevunjika miguu.

Namba kubwa nazo zikatushinda. Nilimpelekea ishirini na nne kwa thelathini na sita, nikangoja. Nikajiambia maskini, atagonga mpaka vidole vitoke damu. Kisha nikasikia mbili. Kimya kidogo. Tatu.

Nilisimama pale na mchi begani. Ishirini na nne kwa thelathini na sita ni mbili kwa tatu. Mwalimu Kadiri alikuwa amelisema lile la kuvua nguo hata koo likamkauka, na mimi sikulisikia. Kwa kugongewa ukutani na mtu asiyeweza kugonga zaidi ya hapo, likaingia na halijatoka mpaka leo. Tangu siku ile nikawa nasikiliza darasani kama mtu aliyetumwa, maana kweli nilikuwa nimetumwa. Shabani akashangaa. "Mwanaidi kapatwa na nini? Kaanza kuelewa." Hata mwalimu alinipita akarudi kuangalia daftari langu mara ya pili, asiamini.

Kisha tukafika kwenye uwiano wa kinyume. Mwalimu akaandika ubaoni: watu sita huvuna shamba la mpunga kwa siku kumi na mbili, watu ishirini na wanne watalivuna kwa siku ngapi? Akasema hapa kadiri inageuka. Kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo siku zinavyopungua. Jioni nikalipeleka ukutani jinsi lilivyo.

Asia akagonga tatu, upesi, kama mtu anayepiga chafya.

Nikaanza kutaja swali jingine, akanikatiza. Tatu tena. Nikasema ndiyo, nimesikia, tatu. Akagonga tatu tena, kwa nguvu, kisha kwenye ufa wa ukuta nikaona kitu kinasukumwa, kinatoka polepole. Suke la mpunga. Alilichomoa kwenye mzigo wa masuke ya mwanzo uliokuwa umewekwa chumbani kwake.

Nililishika njia nzima nikirudi nyumbani. Nilikuwa karibu na mlango wetu nilipoelewa. Shamba ni la baba yake. Watu sita ni wa nyumbani kwake. Watu ishirini na wanne ni sisi, darasa zima.

Darasani hakuna aliyebisha. Jumamosi tulishuka bondeni kundi zima, wavulana kwa wasichana, kila mtu na kisu chake kidogo cha kukatia masuke. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mpunga, matope ni ya baridi, na madungu yamesimama kwenye miguu yao mirefu kama korongo. Mzee Matimbwa alipotuona akashuka kwenye dungu lake taratibu, akatuhesabu kwa macho.

"Shikamoo, baba," tukasema wote.

"Marahaba. Nani kawatuma nyinyi?"

Shabani akasema, "Hisabati, mzee."

"Ndiye mwalimu mgeni huyo?"

"Huyo huyo."

"Haya. Na kasema mtakula nini?"

"Hilo halikuwemo kwenye swali."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akamwita mkewe, akasema pikeni, watu wamekuja. Tulikula wali wa mpunga uliokatwa wiki ile ile, wa moto, unanukia, na kambale wa kuchomwa aliyetiwa chumvi na ndimu, mafuta yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Sijala chakula kama kile tena. Tulivuna tukiimba, na kila jioni ya siku zile nilimpelekea Asia habari ukutani. Kwamba tumefika kwenye mkondo. Kwamba Shabani kaanguka kwenye tope na kisu chake. Akagonga mara moja, nipo, na nilijua anacheka.

Haikuwa siku tatu. Hesabu inasema mtu ni mtu, lakini Shabani alikata kama nusu ya mtu, na mchana jua likiwa kali wavulana walitoroka kuoga. Ilichukua karibu wiki. Hata hivyo mpunga ukapurwa, ukapepetwa, ukaingia ghalani, na mtihani ulikuwa bado mbele yetu. Mzee Matimbwa alisimama uani, mikono imejaa makapi, akasema mbele ya watu, "Mie mtu wa neno langu. Mpunga umeingia, mwanangu anatoka." Sisi tukapiga vigelegele vya kitoto. Mwalimu Kadiri, tulipomwambia, alitoa kitambaa akajifuta miwani isiyokuwa na vumbi.

Nyumbani nilimsimulia mama huku nikiruka. Alikuwa anasonga ugali. Hakuruka na mimi.

"Anatoka, ndiyo," akasema. "Anatoka na mume."

"Mume gani, mama?"

"Wa huko visiwani, delta. Ananunua kamba, anawatia kwenye barafu anawapeleka mjini. Siku hizi kamba ni mali. Keshaposa tangu mpunga uko majini, na walikubaliana mpunga ukiingia waozeshe."

"Na mtihani?"

Mama aliendelea kusonga, mwiko unagonga sufuria. "Mwanangu, yameshapangwa na wakubwa."

Watoto hatukuambiwa. Mwali mwenyewe hakuambiwa. Kwetu mwali haulizwi, hujulishwa. Mzee Matimbwa hakusema uongo hata neno moja. Mwalimu aliuliza atatoka lini, akajibiwa. Kwenye hesabu, kutoka ni kutoka. Hesabu haikujua anatoka kwenda wapi, kwa sababu hatukuiambia.

Nilikwenda ukutani. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, akanitazama, akageuza uso upande wa pili. Sikutwanga. Nikauliza, "Umesikia, shoga?"

Mara moja. Ndiyo.

"Tufanyeje?"

Kuku walipita, mtoto wa jirani akalia akanyamazishwa, na mimi nimeweka shavu kwenye udongo. Kisha nikasikia kucha. Alikwaruza kutoka juu mpaka chini, mkwaruzo mmoja mrefu, udongo unamwagika ndani. Umekosea, sema tena. Nikayasema tena maswali yote tuliyofanya, moja moja, nikilia. Hakujibu.

Siku ya ngoma ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma hata sasa. Watu walikula wakashiba. Ngoma zilipigwa tangu asubuhi, wanawake wamefunga kanga za sare, na mpunga wetu, ule tuliouvuna kwa visu vyetu, unanukia kwenye kila sufuria. Asia alitolewa amefunikwa, akafunuliwa mbele ya watu. Alikuwa amenawiri, ngozi imekuwa laini kwa kukaa kivulini, amepakwa mafuta, hina mpaka viwikoni, macho chini kama alivyofundwa. Alipopita mbele ya kundi letu hakuinua macho. Ila nilitazama mkono wake. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa na udongo mwekundu, na hina haikuweza kuuficha.

Wakampeleka mtoni, akavushwa delta.

Wiki iliyofuata tulifanya mtihani. Tulikalishwa mmoja mmoja, kila dawati limeandikwa namba kwa chaki, na msimamizi mgeni akaita majina. Alipofika kwa Asia Matimbwa, aliinua macho. Akaita tena. Dawati lake lilikuwa mbele yangu, namba yake imeandikwa vizuri, kalamu mbili na karatasi zimewekwa. Tuliambiwa ukifungua mdomo unafutiwa mtihani, kwa hiyo hakuna aliyefungua. Ndipo nikasikia, upande wa dirishani, mtu anagonga dawati. Mara moja. Alikuwa Shabani. Sijui alijuaje, labda nilimsimulia nikasahau. Mwingine akagonga. Na mwingine. Msimamizi akasema, "Nini hicho?" Kukatulia. Akaweka alama kwenye karatasi yake, akaendelea na jina linalofuata.

Kwenye swali la mwisho mwisho walikuwepo watu wanaojenga nyumba na siku zinazopungua. Nililijua. Niligonga jibu kwa kidole kwenye goti langu kwanza, kisha nikaliandika.

Sikuchaguliwa. Nafasi zilikuwa chache, nyinyi mnakumbuka, shule nzima inaweza kupeleka mmoja au isipeleke. Nilijifunza cherehani, na mpaka leo nashona sare za shule hapa Kibiti. Nikipima kitambaa cha sketi ya mtoto mdogo nikakikuza kiwe cha mkubwa, naufanya ule uwiano bila kalamu, na mguu uko kwenye pedali. Mabinti wanaokuja dukani kwangu wanatoa simu kujua mbili mara saba. Nikiwatajia kabla hawajaiwasha, wanacheka, wanasema mama huyu ana kompyuta kichwani. Nami nacheka nao. Nitawaambiaje kwamba kompyuta hiyo ilikuwa na kucha?

Habari za Asia mwanzoni zilikuja kila msimu, na wauza kamba. Kapata mtoto. Kapata wa pili. Hajambo, anakusalimu. Kisha kadiri miaka ilivyozidi, ndivyo salamu zilivyopungua. Mwalimu Kadiri angeweza kuichora ubaoni.

Mara moja tu alirudi, mama yake alipofariki. Wanawake wafiwa walikaa ndani, kwenye chumba kile kile, na sisi tulikuwa nyuma ya nyumba tunapika chakula cha msiba. Ulikuwa msimu wa mavuno, wapishi wakaanza kubishana juu ya maji. Huyu anasema tia, huyu anasema acha. Nikasogea ukutani. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, msibani. Nikasema polepole, "Mchele mpya, shoga. Pishi moja, vibaba vinne, maji vibaba vingapi?"

Ilipita muda mpaka nikaona haya. Kisha sita. Zilikuwa dhaifu, lakini zilikuwa sita.

Wali ulichambuka punje kwa punje.

Jioni alitoka kunisalimia. Alikuwa amekonda, mikono imekwanguka kwa kumenya kamba, na macho yake bado yale yale ya kuona mlango. Tulikaa kwenye mkeka. Mwishowe nikamuuliza lililonikaa moyoni miaka yote, kama siku ile alikwaruza kwa sababu tulikosea.

"Jibu hatukulikosea, Mwanaidi," akasema. "Swali ndilo hatukupewa lote." Akanyoosha upindo wa kanga yangu, kama alivyokuwa akinifanyia sare yangu mstarini. "Mtihani nao? Lile la siku kupungua lilikuja?"

"Lilikuja."

"Nilijua litakuja." Akatabasamu kidogo. "Sweta nalo, huko kwetu joto, wala nisingelivaa."

Habari za mauti yake nazo tulizipata zimechelewa. Delta ni mbali, na maiti haingoji. Salamu zilifika amekwisha kuzikwa, kwa homa, walisema. Sikumwagia hata konzi moja ya mchanga.

Leo shule za sekondari zimejaa, kila kata na yake, na binti akiwekwa ndani siku za mtihani watu watapiga kelele, na wapige. Nashukuru kwa hilo. Sitamani fimbo zirudi, wala kukaa watatu kwenye dawati. Watoto wetu wana taa, wana vitabu, wana simu inayojibu kabla hawajamaliza kuuliza, na bado wanarudi nyumbani wakisema hesabu ngumu, wanatia visikizi masikioni, wanalala. Sisi tulikuwa na kopo la kibaba na ukuta wenye nyufa. Ila hakuna siku niliyosikilizwa kama nilivyosikilizwa na ule ukuta.

Nyumba ya mzee Matimbwa ilibomolewa. Wajukuu wamejenga ya matofali ya saruji, bati jekundu, nzuri sana, na ukuta wa nyuma wameupiga plasta laini. Ninapokwenda kuwapimia watoto wao sare, hupitia kule nyuma, nikihakikisha hakuna anayeniona, nagonga mara moja.

Saruji inaumiza vidole tu.